Tarakimu Tatu za Bawabu

Neville Trembath aliwahi kumzuia mama yake mzazi getini. Ilikuwa siku ya fainali ya ligi ya wilaya, uwanja wa Yallawin umefurika, na yeye ndiye aliyekuwa na zamu ya tiketi. Bibi Trembath kaja na keki ya wachezaji mkononi, tiketi kaisahau kwenye meza ya jikoni. Pale getini hakuna asiyemjua, na keki yake inajulikana kuliko yeye. Neville akamwambia, "Mama, bila tiketi hupiti." Mama akageuka, akarudi nyumbani na keki yake, na hakuja tena siku ile. Wachezaji wakaambulia mikate mikavu. Tangu hapo mji mzima ukamwita Bawabu, naye hakuona tusi lolote katika jina hilo.

Nimefanya naye kazi miaka mingi katika Shirika la Maji la Yallawin. Mimi nakaa chumba cha redio: mkulima anapiga simu kuagiza maji, naandika amri kwenye kompyuta, na huko shambani lango la mfereji linafunguka kwa mota. Neville ndiye aliyeandika zile skripti, programu fupi za kompyuta, ninazozitumia. Niseme mapema, mtu asije akanishangaa huko mbele: sijapata kuona binadamu mwingine ninayempenda na kutamani kumrushia kibodi ndani ya saa ileile.

Alikuwa mtu wa suruali fupi zilizopigwa pasi na soksi zilizovutwa hadi magotini, kiangazi na kipupwe. Chakula chake cha mchana kilikuwa mkate wa nyama baridi na achari, umekatwa pembe nne sawasawa, na akikuta pembe moja imezidi anaila hiyo kwanza ili aiondoe machoni. Kompyuta hakuisomea. Aliingia shirikani kama karani wa hesabu, akajifundisha kuandika skripti kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka. Skripti zake za mwanzo zilikuwa nyepesi, unaziandikia chochote nazo zinatii.

Kilichomharibu ni mkutano mmoja. Mwenzetu wa zamu, macho mazito kwa usingizi, aliandika mia tatu mahali pa thelathini. Maji yakavunja tuta, yakakata barabara kuu, yakaingia kwenye hema la arusi ya watu wakiwa bado wanacheza muziki. Jumatatu meneja hakumuuliza aliyekosea kuandika. Alimgeukia Neville mbele ya wote akasema, "Na hiyo mashine yako ilikubali tu?" Mwenzetu yule leo ana duka la zana za bustani na anacheka akisimulia. Neville hajacheka hata leo.

Basi kuanzia hapo skripti zake zikawa kama yeye mwenyewe getini. Ukitaka kufungua lango unaandika neno fungua kwenye mstari wa amri, kisha hoja tatu: namba ya lango, kiasi cha maji, na saa. Namba ya lango sharti iwe na tarakimu tatu, si mbili wala nne. Kiasi sharti kiwe na nukta. Saa sharti ziwe tarakimu mbili. Kwa mfano:

fungua 127 15.0 48

Ukiandika 15 bila nukta, mashine inakutupia herufi kubwa nyekundu: KOSA. HOJA HAIKO KATIKA MUUNDO UNAOTAKIWA. Haikwambii ni hoja ipi. Ujitafutie mwenyewe, huku mkulima anakusubiri kwenye simu na mbwa wake anabweka.

"Nev," nilimwambia siku moja, "kumi na tano si ndiyo hiyohiyo kumi na tano nukta sifuri?"

"Wewe unajua hivyo. Mashine haijui kitu, Kerrin. Mashine inaangalia umbo."

"Basi ifundishe, bwana."

"Nikiifundisha kukisia, siku moja itakisia vibaya. Halafu atakayesimamishwa mkutanoni ni nani?"

"Wewe."

"Haya. Weka nukta."

Zile tarakimu tatu, nimtendee haki, hakuzibuni yeye. Ni desturi yetu ya redio. Huku mifereji inakwenda mbali, vumbi na joto vinaila sauti, kwa hiyo tangu zamani za baba zetu namba ya lango hutamkwa tarakimu mojamoja, zote tatu: moja, mbili, saba. Ukisikia mbili tu unajua moja imemezwa na mikwaruzo, unauliza tena. Hata lango la tano ni sifuri sifuri tano. Desturi nzuri, imetuokoa mara nyingi, na Neville aliipenda kwa sababu ni kama tiketi: ama unayo, ama huna.

Malango yote yenye mota yalikuwa na namba zinazoanzia mia moja na kuendelea. Mfereji wa mashariki peke yake ndio ulikuwa na namba ndogo, kuanzia 001, na malango yake yalifunguliwa kwa mkono hadi Januari hii ninayoisimulia. Ndipo shirika likaleta mkandarasi wa kufunga mota, nayo kazi ikaisha Ijumaa asubuhi, kabla ya mapumziko marefu ya Siku ya Australia, saa ambayo kila mwenye gari na mashua alikuwa ameshafunga trela akielekea baharini.

Tukafanya jaribio, mimi kwenye kompyuta, Neville mferejini na redio.

"Sifuri sifuri moja," anasema.

Naandika. SAWA.

"Limefunguka. Funga. Sifuri sifuri mbili."

Tukaenda hivyo vizuri hadi la saba. Lango linapanda, lango linashuka, Neville sauti imejaa raha. Tukafika la nane. KOSA. HOJA HAIKO KATIKA MUUNDO UNAOTAKIWA.

"Nev, inasema muundo."

"Andika tarakimu tatu."

"Nimeandika tarakimu tatu! Sifuri, sifuri, nane!"

"Basi umeacha nafasi mahali."

"Sijaacha nafasi."

"Andika tena, pole pole."

Niliandika tena pole pole, kama mtoto wa chekechea. KOSA. Nikaandika 009. KOSA. Nikamwambia skripti yake ni mgonjwa. Akanijibu kwamba skripti yake haijapata kuugua, na bila shaka mkandarasi hakuziunganisha mota za hayo mawili. Mkandarasi naye simu haishiki, yuko njiani na mashua yake. Saa ya chakula cha mchana ikawa imefika. Neville akaamua kwamba saba zimefanya kazi, mota zote ni za aina moja, yaliyobaki kuanzia la kumi hayana haja ya kujaribiwa, na hayo mawili yatatengenezwa Jumanne. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na njaa.

Mchana ule ndipo Rino Zandona alipopiga simu.

Rino analima mwisho kabisa wa mfereji wa mashariki. Wazazi wake walitoka Italia na masanduku mawili, akazaliwa hapa, akazika wazazi hapa, akamzika na mke hapa. Miaka miwili mfululizo ukame ulimnyima maji, mashamba yake yakawa vumbi la kupaka madirisha ya majirani. Mwaka huu alipewa mgao mdogo, akauweka wote kwenye shamba moja la mpunga. Binti yake wa Melbourne alikuwa anamsihi auze akaishi naye. Rino alishatangaza hadharani, baani na kanisani: "Nikivuna, nabaki. Nisipovuna, nauza." Kwa hiyo kila mtu alijua mpunga ule ni wa nini.

Mpunga wetu una wiki moja mbaya, mwishoni mwa Januari, suke likiwa bado limejificha ndani ya bua. Usiku mmoja wa baridi ukilikuta hapo, linakufa bila kuonyesha dalili. Dawa ni moja: kuzamisha majaruba kwa maji mengi, maana maji yanashika joto la mchana na kulifunika suke usiku kucha. Redio ilikuwa imetangaza upepo wa baridi wa kusini kuanzia Jumapili usiku.

"Kerrin, binti," Rino akasema, "nipe sifuri moja nne. Nataka nizamishe kabla ya Jumapili."

"Unayo, mzee wangu. Mpunga unasemaje?"

"Unanishinda uzuri. Naogopa hata kuusifu."

Nikaandika fungua 014 15.0 60. Mashine ikajibu SAWA mara ya kwanza, bila kunisumbua. Nilifurahi kijinga, nikajipigia makofi.

Jumamosi asubuhi Rino akapiga tena. "Maji hayajaja."

Nikatazama. Kwenye kioo cha kompyuta lango 014 liko wazi. Kipima maji cha kichwa cha mfereji, pale maji yanapoanzia, kinaonyesha maji yanatoka, kiasi kilekile nilichoagiza. Nikampigia Neville nyumbani.

"Limepita ukaguzi?" akauliza.

"Limepita, lakini..."

"Basi liko wazi. Ningeshangaa kama lingekataliwa. Halikukataliwa."

"Nev, Rino amesimama juu ya lango. Anasema limefungwa."

"Rino ana umri gani sasa?"

"Nev!"

"Nauliza tu. Sikiliza, maji yanatoka mferejini au hayatoki?"

"Yanatoka."

"Yanakwenda wapi kama si kwake? Atakuwa na shimo la yabi. Mwambie akague matuta."

Yabi ni kamba wa matopeni, wanatoboa tuta na maji ya jaruba yanavuja kimyakimya hadi kwa jirani. Lilikuwa jambo la kuwezekana. Nikampigia Rino nikamwambia akague matuta. Akasema sawa. Siku ile joto lilikuwa la kupasua mawe. Mzee wa miaka sabini na kitu akazunguka matuta na koleo begani, akiinama kila hatua kutafuta shimo.

Jioni akapiga. "Sijaona hata tundu moja, Kerrin. Na lango limefungwa. Mimi nalijua lango lililofungwa."

Mtu wa nje atauliza kwa nini hakulifungua mwenyewe. Lina kufuli. Kuvunja kufuli la lango hapa kwetu ni wizi wa maji, na Rino mwenyewe alikaa miaka kwenye kamati iliyotunga kanuni hiyo, akawashitaki hadi marafiki zake. Msimamizi wa mfereji ule alikuwa likizo baharini. Funguo za akiba alikuwa nazo Neville.

Nikampigia Neville tena. Sasa nilikuwa nimeshakasirika vya kutosha hata sauti ikatulia.

"Nenda ukaangalie, Nev. Ukaangalie kwa macho."

"Nikaangalie nini? Nimeipitia skripti yote mstari kwa mstari. Hoja ni tarakimu tatu, zote ni namba, hakuna herufi, hakuna nafasi, haiko tupu. Imepita vizuizi vyote, Kerrin. Vyote."

"Mpunga wa Rino haunywi vizuizi!"

"Nitakwenda kesho," akasema. "Baada ya kanisa."

Niliweka simu nikapiga meza kwa kiganja hadi kikombe kikaruka. Hasira yangu ilikuwa kwamba huwezi kubishana na mtu anayekuonyesha kazi nzuri. Kila kitu alichosema kilikuwa kweli, na Rino hakuwa na maji.

Jumapili zamu yangu iliisha adhuhuri, nikaona nisimsubiri mtu. Nikachukua gari kwenda kwa Rino. Kabla ya kufika kwake kuna shamba la akina Mortlock, limelala bila kulimwa tangu ukame uanze, wenyewe wamehamia mjini. Nikaona weupe kwa mbali. Nilipokaribia nikakuta ni ndege, kwarara kwa mamia, wanatembea kwa madaha katika maji. Shamba zima lilikuwa ziwa, magugu yanaelea. Nikasimamisha gari katikati ya barabara, nikatembea hadi mferejini. Lango limepanda hadi mwisho, maji yanamwagika kwa furaha kwenye ardhi isiyo na hata bua moja la mpunga. Kibao kilichopigiliwa kilisema 012.

Sitaki kuandika nilichomwambia Neville kwenye simu. Alikuja na nguo za kanisani, soksi zimevutwa, na kompyuta yake ya mpakato kwapani. Aliangalia ndege, akaangalia kibao, akafungua kompyuta juu ya boneti ya gari langu.

"Nitalifunga la Rino kwanza, tuone," akasema, akaandika amri ya kufunga 014.

Mbele ya macho yetu lango la 012 likaanza kushuka, likijiburuza na kulalamika, hadi likagota chini. Kwenye kioo kukatoka neno SAWA.

Akaandika fungua 014. Lango la 012 likapanda.

Akalifunga tena. Midomo ilikuwa inamchezacheza, kama mtu anayehesabu chenji ambayo haitimii.

"Nev. Funguo. Twende kwa Rino."

"Ngoja, nataka nielewe..."

"Utaelewa maji yakiwa yanatembea! Ingia kwenye gari!"

Rino tulimkuta amekaa juu ya tuta karibu na lango lake, matope hadi magotini, koleo pembeni. Hakusimama. Neville alifungua kufuli, tukashika mpini wa kuzungushia pamoja, tukalipandisha lango kwa nguvu za mabega. Maji yakaja, lakini yakaja membamba. Shamba la Mortlock lilikuwa limeunywa mfereji siku mbili, na maji ya kujaza tena yalikuwa bado yanatembea kutoka kichwani. Upepo ulikuwa umeshageuka. Nilisikia ubaridi wake shingoni, Januari, mchana kweupe, nikajisikia kulia.

Majaruba ya juu yakaanza kujaa. Kwenda la chini kabisa kulikuwa na safari. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja, kwa hiyo Neville akakaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi, akaanza kuichokoa skripti yake. Nikasimama juu yake.

"Ule mstari ni wa nini?" nikauliza. Nilikuwa nimeona maneno ya kutupa kitu.

"Huo? Mashine ikigoma huwa inatoa maneno yake mabaya, marefu, hayaeleweki. Nayatupa, naweka ujumbe wangu badala yake. Ili nyinyi msichanganyikiwe."

"Kwa hiyo kila inapogoma, kwa sababu yoyote, mimi naambiwa muundo?"

"Ni ujumbe ulio wazi."

"Utoe."

Akautoa. Akaandika fungua 008. Safari hii mashine ilijisemea yenyewe: 008, tarakimu imezidi kipimo cha hesabu yake. Neville akayasoma maneno yale, akayasoma tena. Kisha akanieleza, na alinieleza vizuri, kwa sauti ndogo. Yale malango ya kuanzia mia moja hayana sifuri mbele, kwa hiyo hayakupata kutuonyesha kosa hili. Mashine ikipewa namba ya kufanyia hesabu, na namba ile ikaanza na sifuri, haihesabu kwa makumi kama mimi na wewe. Inahesabu kwa manane. Kwake sifuri moja nne ni nane moja na nne juu yake, yaani kumi na mbili. Hadi saba hesabu zote mbili zinafanana. Nane na tisa kwenye hesabu hiyo hazipo, ndiyo maana iligoma. Kuanzia kumi haigomi, inafungua lango la mtu mwingine.

"Ilikuwa inatuambia tangu Ijumaa," nikasema.

"Ndiyo."

"Ukaiziba mdomo."

"Lakini umbo lilikuwa sahihi," akasema. "Kerrin, umbo lilikuwa sahihi kabisa."

Namshukuru Mungu sikuwa na kitu mkononi.

Rino alikuwa amesogea, ameegemea koleo, anasikiliza. "Kwa hiyo jana kutwa," akasema, "nilikuwa natafuta shimo ambalo liko ofisini kwenu."

"Ndiyo, Rino," Neville akasema.

"Ungeniambia ningekuja huko na koleo. Kuna hata kipoza hewa."

Neville akainuka na soksi zake za kanisani, akaingia kwenye jaruba, akaanza kupanua mapito ya maji kwa mikono ili yaende chini haraka. Rino akamwacha. Nilivua viatu nikaingia pia. Tulifanya kazi hadi giza, na majaruba mawili ya mwisho maji yalikuwa bado hayajafika hata kifundo cha mguu. Niliendesha kurudi nyumbani na koti la mume wangu, hita ya gari imewashwa.

Jumanne Neville alirekebisha skripti. Aliongeza alama chache za kuiambia mashine ihesabu kwa makumi hata ikiona sifuri, basi. Alama chache tu, dakika ya kazi. Yale maneno ya mashine aliyaacha yatoke yalivyo, na ujumbe wake mwekundu akaufuta. Nikajaribu bahati yangu, nikamwomba aniruhusu sasa niandike 14 peke yake. Akasema hapana, tarakimu tatu ni desturi. Nilitoka nje nikauzunguka mti wa maegesho mara kadhaa ndipo nikaweza kurudi kukaa. Meneja alimwita, wakafunga mlango, na sijui alichoambiwa. Siku ile hakula mkate wake.

Mavuno yakafika Aprili. Neville alikuwa hajaalikwa, lakini mashine ya kuvunia ilipoingia kwa Rino, nilimkuta amekwisha kufika, amesimama pembeni ya shamba na kofia mkononi. Majaruba ya juu yalikuwa yameinama, masuke yamelemewa na uzito wake, rangi ya mkate uliotoka tanuri. Rino alikuwa anatembea kando yake akiyapapasa. Kisha tukashuka chini.

Kule chini mpunga ulisimama wima wote, mrefu, umenyooka, masuke yamepangika punje kwa punje bila pengo. Neville alisimama akautazama. Niliona mabega yanamshuka kwa nafuu, na nikajua anachofikiri kabla hajafungua kinywa. Nilitaka kumzuia.

"Rino," akasema, "mbona huu ni mzuri? Huu ni mzuri kuliko ule wa juu. Hakuna hata suke moja lililopinda."

Rino alichuma suke, akalilaza kwenye kiganja cha Neville.

"Pasua," akasema.

Neville akabana punje kwa kucha. Ganda likafunguka, ndani hamna kitu. Akapasua nyingine. Hamna kitu. Yalikuwa mapepe matupu, suke zima, jaruba zima, yametimia kila kitu isipokuwa mchele.

"Ya juu peke yake hayatoshi. Nimeshampigia binti yangu," Rino akasema, akiwa ananiangalia mimi, si Neville. "Anakuja mwisho wa mwezi kunisaidia kufunga vitu."

Nilimshika mzee mkono, tukapanda juu kunywa chai aliyoileta dereva wa mashine. Nilipogeuka nikamwona Neville bado kule chini kwenye mpunga uliosimama. Alikuwa amechuma suke jingine, ameinamisha kichwa, anapasua punje mojamoja kwa kucha na kuziangalia ndani.